Msimu unafunguka: maneno yangu kwa wasimamizi wapya mliopewa vijana wa elfu mbili

Magari yanajiandaa kwenda Sikonge, Urambo na Kaliua kuchukua asali, na kama kawaida kuna kundi jipya la wasimamizi wamepandishwa cheo juzijuzi, wengi wenu mna thelathini na kidogo, na wiki haijaisha nimeshausikia ule wimbo. "Watoto wa elfu mbili wavivu." "Hawaelekezeki." "Ukimgusa kidogo anaacha kazi." Mi nipo stoo na ufungashaji hapa Tabora muda mrefu, nimeona wasimamizi wengi wakija na kuondoka na wengi nimewapenda kama wadogo zangu wa kuzaliwa, lakini hii stori imenichosha kwa sababu makosa ni yaleyale kila msimu na kila msimu anayebebeshwa ni kijana. Kwa hiyo naandika, na nyie mnasoma mpaka mwisho, najua mko bize.

1. Kijana anaweza kujua kuliko wewe, na hiyo ni heri yako

Wengi mnaopewa wametoka Chuo cha Nyuki hapahapa mjini. Wamefundishwa hii kazi, hawajaokotwa stendi. Kuna msimamizi alimfokea binti wa mapokezi ya asali mbele ya wafugaji wa nyuki kwa sababu refraktomita, kile kifaa cha kupima maji kwenye asali, imesoma asilimia 26, akamwambia hujui hata kushika kifaa, rudisha hiyo ndoo. Binti akajibu taratibu, bosi, hii ni ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kwa asili yake, huwezi kuikataa kwa kile kiwango cha asilimia 20 tunachotumia kwa asali ya nyuki wanaouma, na wale wazee waliokuwa wamesimama pale wote walijua hilo. Yule bwana hajaomba radhi mpaka leo. Binti bado anafanya kazi nzuri, ila sasa akiona kitu hakisemi mpaka aulizwe, na hasara ya namna hiyo hakuna ripoti inayoionyesha.

Alafu mnalalamika kwamba wanauliza uliza. Jamani, muulizeni mmoja alisoma wapi. Wengi ni wa shule za kata, darasa limejaa mpaka dirishani, mwalimu wa fizikia anaonekana kwa msimu, wamekariri miaka yote kwa sababu hakukuwa na wa kumuuliza. Sasa amepata mtu wa kumuuliza, ambaye ni wewe, na wewe unasema ana kiburi. Ukimwambia "usipimie juani" atatii siku uliyopo. Ukimweleza kwamba joto linahamisha usomaji, kwamba kifaa kimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 na kama chako hakijirekebishi chenyewe basi Tabora ya mwezi wa kumi itakudanganya mchana kweupe, atatafuta kivuli mwenyewe hata ukiwa umelala kwako Isevya. Ni dakika mbili tu za kuongea.

2. Elekeza kazi yote

"Fanyeni fasta hizo ndoo" sio maelekezo. Sema ndoo ngapi, mpaka saa ngapi, zipi zianze, na ukikwama unampigia nani.

3. Usimwanike kijana kwenye grupu

Hapa ndo nataka tukae, maana hii imetuuma na naona mnaanza tena.

Kulikuwa na msimamizi mwenzetu, simtaji, mchapakazi kweli, wa kwanza kufika na wa mwisho kufunga. Siku moja kwenye ufungashaji ikaonekana ndoo iliyosoma 22 na nusu, imeshapokelewa, imeshasainiwa, mfugaji ameshalipwa. Aliyepokea ni kijana wa kituo cha kijijini, mpole, wa kwanza kwao kupata ajira ya mshahara. Yule bwana badala ya kumpigia akapiga picha usomaji, akapiga picha sahihi ya kijana kwenye stakabadhi, akatupia zote kwenye grupu la kazi na maneno "hii ndo kazi ya mtu mwenye diploma, mnaona wenyewe". Kwenye lile grupu kuna madereva, kuna mhasibu, kuna mkurugenzi, kuna mlinzi. Watu wakaanza kuweka vile vikatuni vya kucheka. Kijana akasoma, tiki za bluu tukaziona, hakujibu. Kesho yake kaja kazini, shikamoo kwa kila mtu, sawa bosi, ndio bosi, na yule msimamizi akaniambia kwa furaha kabisa, umeona, amenyooka.

Kweli alinyooka. Kuanzia hapo ripoti za kile kituo zikawa safi ajabu. 18. 18 na nusu. 18. 18. Ndoo kutoka vijiji tofauti, mizinga ya magome na mizinga ya biashara, mfugaji mzoefu na yule aliyeanza juzi, wote 18. Yeyote aliyeshika asali anajua hilo haliwezekani, kuna mtu atarina masega hayajafunikwa nta kwa sababu ada ya mtoto imekaribia, kuna mtu ataosha dumu na kulifunga likiwa bado bichi, lazima namba zipande zishuke. Nikamwambia msimamizi hizi namba zimepikwa. Akasema hapana, ni nidhamu imerudi.

Zikapita wiki kadhaa. Asubuhi nafungua stoo nakuta pipa moja kifuniko kimeinuka katikati kama chapati iliyopata moto. Kulegeza kizibo, likapumua, fsssss, na harufu ikaja ile ya kileo, hakuna haja ya kifaa chochote. Juu povu jeupe jepesi. Pipa la lita 200, asali kama kilo 280, na humo ndani kuna jasho la familia sijui ngapi za kule Sikonge zilizoleta asali nzuri kabisa ikachanganywa na mbaya.

Msimamizi akataka mambo mawili palepale, kijana afukuzwe na pipa lote likatwe kwenye mshahara wake. Hayo yote mawili sheria haikuruhusu kuyafanya kwa hasira, na hili mlijue wasimamizi wapya: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na kanuni zake zinataka mtu aambiwe kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza na aweze kuwa na mtu wa upande wake, na kumkata mshahara kufidia hasara kuna utaratibu wake wa maandishi na kuna kikomo. Basi nikaombwa nikae na kijana kwanza. Nilimtoa nje chini ya mwembe, nikamuuliza tu, mwanangu, ilikuwaje?

Akasema, mama, zilikuja ndoo tatu za bibi mmoja, zikasoma 23. Nilitaka kupiga simu. Nikakumbuka ile picha.

Sasa sikilizeni alichofanya maana hapa ndo mtaelewa hofu inavyofanya kazi. Huyu kijana sio mwizi, hela haikuingia mfukoni kwake hata shilingi. Aliandika 18 kwenye daftari alafu akazimimina kwenye pipa lenye asali kavu akiamini zitapozana. Na wazo lenyewe sio la kijinga, kuchanganya tunachanganya, ila kwa hesabu, kwa ruhusa, na unakoroga mpaka iwe kitu kimoja. Yeye alimimina gizagiza bila kukoroga asionekane. Asali yenye maji ni nyepesi, ikabaki juu, na huko juu hamira za asili zikaanza kazi yake. Angepiga simu ile siku tungeziweka pembeni, tungemweleza yule bibi kistaarabu, hasara ingekuwa ndoo tatu na huenda isingekuwa hasara kabisa.

Na kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Dada wa lebo alijua. Mlinzi alishasikia harufu siku mbili kabla. Fundi wa mizani alijua. Wote hawakusema kitu, kwa sababu wote walikuwemo kwenye lile grupu na wote waliiona ile picha. Yani picha ilipigwa kwa mtu mmoja ikanyamazisha stoo nzima.

Kijana hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi, alistahili, kuandika namba ya uongo ni kosa na mwenyewe alikubali. Lakini tulibadilisha utaratibu: ndoo ikisoma zaidi ya 20 inawekwa alama ya chaki, inakaa pembeni, mpokeaji anapiga simu kabla ya kusaini, na anayepiga simu anashukuriwa. Kosa la mtu linaongelewa na mtu, pembeni, uso kwa uso, siku hiyohiyo. Kwenye grupu zinaenda ratiba, pongezi na taarifa za gari kuharibika. Mwezi ule namba mbaya ziliongezeka na mkurugenzi akashtuka, nikamwambia ushukuru, zilikuwepo siku zote, sasa hivi ndo unaambiwa.

4. Soma salary slip yake kabla hujasema anapenda hela

Mchukue wa digrii mwenye mkopo wa Bodi, mshahara wa msingi laki tano. NSSF asilimia 10, elfu hamsini imeondoka. Kodi ya PAYE kwenye kinachobaki, 14,400. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 75,000. Anabaki na 360,600, hapo hajalipa chumba Cheyo, hajapanda boda, na mama yake kijijini anajua mwanangu ana kazi mjini. Huyu akiuliza posho ya safari itaingia lini usimkunjie uso. Mjibu tarehe. Kama hujui tarehe nenda kwa mhasibu ukaulize, hiyo ni sehemu ya kazi yako.

5. Masaa

Sheria ni masaa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, na ovataimu isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na kila saa ya ovataimu inalipwa moja na nusu ya saa ya kawaida. Kwenye msimu tunakesha, najua, malori hayasubiri. Ila ukimkeshesha mtu, mwandikie masaa yake. Wale wa rika langu tulikesha kwa kuambiwa "sisi ni familia" na tuliona sawa, hawa hawaoni sawa, na nimefikiri sana hili jambo nikaona wao ndo wako sahihi. Mtu anayeandikiwa masaa yake anakuja kesho na nguvu, anakwambia bosi leo nabaki nikusaidie, mwenyewe.

6. Simu

Hazitaondoka, acheni kuzikusanya kwenye ndoo asubuhi kama mko bweni. Zuia kwenye mashine ya kujazia na mahali pa usafi, basi. Kuna kijana hapa tulikuwa tunahangaika na daftari la bechi, kurasa zimelowa asali zimegandana, akatengeneza jedwali kwenye simu, ukipiga picha stakabadhi inaingia na kijiji na jina la kikundi. Hakuna aliyemtuma. Mnunuzi akiuliza chupa hii imetoka wapi, siku hizi tunajibu kabla hajamaliza chai.

7. Ataondoka, mfundishe hivyohivyo

Nasikia msimamizi anasema "nimfundishe kutengeneza lebo na hesabu za mnunuzi ili aende akafungue ya kwake?" Ndio. Yule binti wa nyuki wadogo ananiambia wazi ana mpango huo, ameshaweka mizinga kadhaa kwa baba yake mdogo huko Uyui, na mimi namfundisha kila ninachokijua. Kwa muda atakaokuwa hapa anafanya kazi ya mtu anayetaka kujua kila kitu, nani asiyetaka mfanyakazi wa hivyo? Mkiwaficha kazi wataondoka tu, tofauti ni kwamba wataondoka mapema na huku stoo hakuna aliyefaidika.

Sasa Jumatatu gari la kwanza linatoka. Kila msimamizi ahakikishe kila mpokeaji wake ana chaki, kitambaa kisafi cha kufutia kioo cha refraktomita, vocha kwenye simu, na namba yako ambayo unaipokea, hata saa mbili usiku. Na ndoo ya kwanza mbaya ikija, maana itakuja, ukipigiwa anza na asante, alafu ndo uulize imesoma ngapi.