Mota haizunguki ingawa mtandao ni mzima

SWALI: Nimeunganisha PLC (kompyuta ya kudhibiti mashine) na kiendeshi cha mota kinachofuata utaratibu wa PROFIdrive, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kidhibiti na viendeshi. Mawasiliano hayana hitilafu, lakini nikituma neno la amri (biti 16 zinazokiambia kiendeshi la kufanya) 047F, kwa heksadesimali, mara tu umeme unapowashwa, mota haizunguki. Nifanye nini?

JIBU: Kiendeshi hakitazami tu thamani ya biti 0 ya neno la amri, yaani biti ya mwisho kulia inayoamuru kuwasha, bali husubiri ibadilike kutoka 0 kwenda 1, ili mota isianze kuzunguka yenyewe umeme unaporejea na kumjeruhi aliye karibu nayo. Kwa hiyo programu yako itume kwanza 047E, ambayo ni sawa na 047F ila biti 0 ni 0, isome neno la hali (ripoti ya kiendeshi kuhusu hali yake) hadi kiendeshi kitangaze kuwa kiko tayari kuwashwa, ndipo itume 047F. Biti 10 ibaki 1 katika maneno yote mawili, kwani ikiwa 0 amri za PLC hupuuzwa. Kwa upande wa kasi, ukituma namba 16384 ni asilimia 100 ya kasi rejea iliyowekwa kwenye kiendeshi, hivyo 8192 ni nusu yake.

Tunakusihi sana usitegemee ujumbe huu wa kawaida wa PLC kwenda kwa kiendeshi kusimamisha mota wakati wa dharura. Kitufe cha dharura kiwe na njia yake ya usalama, itakayofanya kazi hata PLC ikikwama.