RC522 inasoma kadi ikiwa karibu sana tu, naongezaje umbali?

Swali: Fundi habari, nimeunga RC522 (rida, yani kifaa cha kusoma kadi kwa redio) na Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) kwa ajili ya kufuli la mlango wa stoo. Mezani kadi ilikuwa inasoma poa, ila nilivyoibandika kwenye mlango wa chuma lazima kadi iguse kabisa na saa nyingine haisomi. Nataka ifike hata mita 1, naongezaje nguvu?

Jibu: Salama mkuu. Tuanze na huo mlango maana ndo mchawi wako. Kadi haina betri, inakula umeme kutoka kwenye uga wa sumaku wa antena ya rida, sasa chuma kikiwa nyuma ya antena umeme unazunguka ndani yake na kutoa uga unaopingana na wa kwako, alafu antena nayo inatoka kwenye 13.56 MHz yake, kwahiyo kadi inabaki na njaa. Isogeze rida mbali na chuma kwa kipande cha plastiki chenye unene wa kutosha au weka karatasi ya feraiti (inayozuia uga usiingie kwenye chuma) katikati, na mfuniko wa mbele uwe plastiki, usiwe bati hata kidogo.

Pili angalia umeme. Pini ya 3.3V ya Uno inatoa miliampia 50 tu, wakati antena ya RC522 peke yake inaweza kuvuta mpaka 100, kwahiyo tafuta regyuleta (kifaa cha kushusha na kutuliza umeme) ya pembeni ya 3.3V na unganisha graundi zote pamoja. Usije ukaipa 5V ukidhani ndo unaongeza nguvu, utaunguza chipu.

Kwenye kodi weka PCD_SetAntennaGain(RxGain_max), amri ya kuongeza usikivu wa antena, BAADA ya PCD_Init, amri ya kuwasha rida, ukiiweka kabla inafutika maana Init inariseti chipu. Hapo unatoka desibeli 33 kwenda 48, ila elewa hiyo ni rida kusikia vizuri zaidi, haimlishi kadi, kwahiyo usitegemee maajabu. Na tumia kadi kubwa badala ya kile kitufe cha funguo, koili yake ni pana inavuna zaidi.

Mita 1 kwa RC522 sahau kabisa mkuu. Ukishatoka nje ya upana wa antena uga unashuka kwa mchemraba wa umbali, yani ukizidisha umbali mara 2 unabaki na kama moja ya nane, ndo maana hata mezani ikifika sentimita 5 shukuru. Ukitaka mita hamia UHF (mfumo wa masafa ya juu zaidi), 860 mpaka 960 MHz, rida na kadi zote zibadilike. Ila kwa mlango wa stoo sikushauri, mtu akipita tu na kadi mfukoni kufuli linafunguka.