Mwanangu, haraka ndo inakula hela

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ujiunge na wenzako watatu mnaokaa nao, mchange kila mwezi hela ya chakula, gesi na intaneti na mpike sufuria moja, au ubaki kivyako na bajeti yako kama muhula uliopita. Ntakujibu, ila kwanza nikuambie nilichokiona kwenye ile orodha ya matumizi uliyonitumia, maana hicho ndo kimenikosesha usingizi kuliko hayo ya mchango.

Nimekaa nayo na kalamu nyekundu. Kila kitu ulichonunua kwa sababu muda ulikuwa umekubana nimekiwekea H. Usafiri wa kukodi asubuhi uliyochelewa kipindi, H. Chakula cha kununua usiku kwa sababu hukupika mchana, H, na hizo H za chakula zimejaa ukurasa mzima. Bando dogo la saa chache, alafu lingine dogo, alafu lingine, siku hiyohiyo. Faini ya kitabu cha maktaba. Chaja mpya ya dukani hapo karibu kwa sababu ile nyingine uliisahau darasani. Kodi haina H, ada haina H, hata viatu ulivyokuwa unaogopa nitavisema havina H, vile ulivifikiria vizuri na mimi sina neno. Nilipojumlisha za H peke yake nikaweka kalamu chini. Nimesema tangu mko wadogo na ntasema tena, haraka ndo inakula hela. Mtu anatafuta mwizi wake kwenye kitu kikubwa alichonunua mara moja, kumbe kila siku anaibiwa na dakika kumi alizokosa.

Alafu nabishana na mwenyewe hapo, manake kuna haraka ya uvivu na kuna haraka ya kukosa. Mwenye hela kidogo ananunua sabuni ndogo kwa sababu hela ya sabuni kubwa hana siku hiyo, na ile ndogo ukigawanya bei kwa gramu unakuta analipa zaidi kuliko tajiri. Huyo utamwambia apange nini? Ndo maana sipendi watu wanaowahubiria wanafunzi waache starehe wakati mtoto wa watu hana hata hiyo starehe ya kuacha. Kwa hiyo usinielewe vibaya, H nyingine nimeziweka huku moyo unaniuma, najua hela ilichelewa kukufikia mwezi ule na unajua ilichelewa kwa nini.

Sasa hiyo ya kuchanga. Wewe unaniuliza ka hesabu, ni nani anaokoa zaidi, na jibu la hesabu ni rahisi, wanne wakinunua gunia wanalipa kidogo kwa kilo kuliko kila mtu na kifuko chake, na sufuria ya watu wanne haili gesi mara nne ya sufuria ya mtu mmoja. Ukiloweka maharage usiku yanaiva mapema, ukifunika sufuria maji yanachemka upesi, hayo bibi yako aliyajua bila kwenda chuo. Mkipika kingi kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, na mkimalize ndani ya siku 3 au 4, la sivyo mtakuwa mmeokoa hela ya kupeleka hospitali. Hesabu imeisha. Mimi kinachonirudia kichwani kila nikisoma neno kuchanga ni kile kitabu.

Wewe kitabu unakijua, kipo kwenye sanduku la chini pale kwetu, chenye jalada la kalenda, uliwahi kunikuta nakishona upya ukaniuliza kwa nini sikitupi. Tulikuwa wanne. Kitabu cha kozi kilikuwa na bei ya kuchekesha na maktaba walikuwa na nakala moja tu ya kusomea mlemle ndani, tena kwa zamu. Tukampata mwanafunzi wa mbele yetu anauza toleo la zamani, tukakaa nalo na lile jipya la maktaba ubavu kwa ubavu tukalinganisha sura kwa sura, maelezo yaleyale, kilichobadilika zaidi ni namba za maswali, tukaziandika pembeni kwa penseli. Alafu mmoja wetu akachukua wembe akapasua mgongo wa kitabu, taratibu, gundi ikiachia uzi mmoja mmoja, vikatoka vipande vinne. Kila kipande tukakishona na kukivalisha karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Kila Jumapili tunabadilishana. Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka ile Jumapili ya kwanza nafurahi, tulijiona tumewashinda wenye vitabu vizima, na kweli tulisoma kuliko wao kwa sababu kipande kikiwa mkononi unajua kinaondoka, unakimaliza.

Wiki ya mtihani mwenye kipande cha pili akasafiri nacho. Hakuaga. Simu za mkononi hatukuwa nazo, pa kumtafuta hatukupajua. Na kipande cha pili ndo mwalimu alikuwa anakipenda. Tukawa tunakaa foleni ya ile nakala ya maktaba, mmoja anasoma kwa sauti ya chini wawili tunaandika kwa mkono, sura nzima, michoro na yote, mpaka taa zinazimwa. Asubuhi ya mtihani huyo hapo mlangoni, kipande kiko kwenye begi lake, anasema nilidhani mnacho. Nilidhani mnacho! Kingekuwa wapi na yeye ndo anacho?

Baba yako anasema ni mambo madogo niyaache, tulifaulu wote, na kweli tulifaulu wote. Labda kwao kulikuwa na tatizo, mtu haondoki wiki ya mtihani kwa kupenda. Hilo nalijua. Lakini kuaga ni dakika moja, kukiacha kitabu juu ya kitanda ni dakika moja, na yeye alikuwa na haraka. Unaona tumerudi palepale. Haraka yake ilitugharimu sisi watatu, na hela tulichanga sawa kabisa, shida haikuwa kwenye hela hata kidogo.

Siku hizi wembe hauhitajiki. Kuna OpenStax ya chuo cha Rice kule Marekani, tangu 2012 wanatoa vitabu vya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili bure kabisa na kwa halali, unapakua unasoma. Kuandika kazi zako kuna programu ya LibreOffice, bure. Kabla hujanunua chochote cha masomo angalia huko kwanza, na usinunue kitabu wiki ya kwanza, subiri uone mwalimu anakitumia kweli. Video nazo, ya HD inakula karibu GB 3 kwa saa, shusha ubora au pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo. Na ile mikopo ya kwenye simu naomba sana, ikiandikwa asilimia 10 tu kwa mwezi hiyo ni 120 kwa mwaka kabla riba haijazaa riba, na mtu anaichukua wiki ya mwisho wa mwezi, usiku, ana njaa, ana haraka. Ukifika hapo nipigie mimi, saa yoyote, usione aibu. Na chakula usikate. Kata vingine vyote, usilale njaa ili uniambie umeokoa.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Nimeandika ndiyo nikafuta, nikaandika hapana nikafuta. Siwajui hao watatu, wewe ndo unaamka nao. Nakutamania ile furaha ya Jumapili yetu na sitaki upate ile asubuhi ya mlangoni, na zote mbili zilitoka kwenye mchango mmoja. Kwa hiyo nakuachia, ingawa mdomo unaniwasha kusema.

Ila usiingie kabla hujauliza intaneti itaandikwa kwa jina la nani, maana inajilipa yenyewe kila mwezi na kadi inayokatwa ni moja, hata kama wengine watatu hawajatoa. Muulizane mapema, mwezi ambao mmoja hana, anakula au hali? Mimi ningesema anakula na anaosha vyombo, wao sijui watasema nini. Na hela yako ya dharura na nauli ya kurudi nyumbani isiguse huo mchango kabisa, ikae peke yake. Waambie pia ukisafiri unaaga, na wao wakisafiri wanaaga, wakiliona ni jambo dogo wewe sikiliza wanavyolijibu, alafu nipigie Jumapili jioni uniambie kila mmoja alisema nini, neno kwa neno.

Orodha yenye H naituma na picha za kurasa zote. Baba yako anakusalimu.

Mama