Jibu: Nani alilinda mafundisho kabla ya Agano Jipya kukusanywa?
Ndugu yangu, umeuliza ni nani aliyelinda mafundisho ya mitume kabla ya vitabu vya Agano Jipya kukusanywa. Mtazame Ireneo, askofu wa Lyon, katika Ufaransa ya leo. Mnamo mwaka 180 hivi, Wagnostiki, watu waliofundisha kwamba wokovu hupatikana kwa maarifa ya siri, walidai kwamba mitume waliacha mafundisho ya siri. Akawajibu: kama siri hizo zingekuwepo, mitume wangewapa kwanza wale waliowakabidhi makanisa. Kisha akawataja maaskofu wa Roma mmoja mmoja hadi Eleutero wa siku zake. Na ujanani mwake alimsikia kwa masikio yake Polikarpo, askofu wa Smirna katika Uturuki ya leo, aliyewajua waliomwona Bwana. Hapo mimi huguswa sana, mnyororo ni mfupi mno! Orodha ya vitabu 27 tunaikuta baadaye, katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367.