Jimbo la Wakatoliki na jimbo la Walutheri

SWALI: Katika mazishi fulani hapa Moshi, mwongoza ratiba alimtambulisha Mkuu wa Jimbo kutoka KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na jamaa zangu Wakatoliki wakainuka wote wakidhani amefika askofu, kumbe ni mchungaji. Je, jimbo na dayosisi ni kitu kimoja? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Kwa lugha ya kanisa lao, jamaa zako walikuwa na haki ya kuinuka. Wakatoliki wa Tanzania huita jimbo eneo zima lililo chini ya askofu, kama lilivyo Jimbo la Moshi, na ndani yake zimo dekania (makundi ya parokia jirani, kila moja chini ya padre aitwaye dekano), parokia na vigango. Katika KKKT eneo la askofu ni dayosisi, mfano Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake hapo hapo Moshi, ilhali jimbo ni sehemu tu ya dayosisi, inayokusanya sharika kadhaa chini ya mchungaji mwenye cheo cha Mkuu wa Jimbo. Kwa hiyo huyo mgeni wenu anakaribiana zaidi na dekano wa Kikatoliki kuliko askofu, ijapokuwa madaraka yao hayalingani kwa kila jambo.

Dayosisi ni neno la Kigiriki, dioikesis, lililomaanisha usimamizi wa nyumba na baadaye utawala wa eneo. Dola ya Roma ilipopangwa upya tangu enzi za Kaisari Diocletian, majimbo yake yalikusanywa katika dayosisi, ambazo mwanzoni mwa karne ya 4 zilikuwa 12. Dayosisi ya kiserikali ilikuwa basi kubwa kuliko jimbo, sawasawa na mpangilio wa KKKT leo, ingawa nadhani hiyo ni sadfa tu. Kanisa lilipolichukua neno hilo halikulichukua kwa mara moja: kwa muda mrefu eneo la askofu liliitwa paroikia, na ndiyo asili ya parokia, ambayo leo ni sehemu ndogo chini ya paroko. Waorthodoksi wengi hutumia eparkia, jina la Kigiriki la jimbo la Kirumi, kwa eneo la askofu, na Wajerumani husema Bistum, yaani uaskofu.

Mwongoza ratiba angetamka “Mchungaji” kabla ya “Mkuu wa Jimbo”, jamaa zako wasingebabaika.