Siku moja Rotorua: nenda kwa wenyeji kwanza, kuoga baadaye

Ukikaribia Rotorua, mji wa maji moto huko New Zealand, harufu inakupokea kabla ya mji. Mama, niliyemtoa Auckland alfajiri kwa mwendo wa karibu saa tatu, alishusha kioo cha gari kidogo akakipandisha upesi. "Mwanangu, kuna yai viza humu?" Hakukuwa na yai. Ni gesi ya salfa inayopanda kutoka ardhini, kwenye bustani, kwenye mifereji, hata kando ya barabara. Baada ya muda pua huzoea. Ila bangili na pete za fedha ziache nyumbani, maana gesi hiyo huzifanya nyeusi.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya pili Rotorua. Ya kwanza niliiharibu kwa ratiba, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilianzia kwenye mabwawa ya maji moto asubuhi, nikakaa humo zaidi ya saa nzima bila kunywa maji, nikatoka nimelegea na kichwa kinazunguka. Nililala hotelini mchana kutwa. Nilipofika kijijini kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, wageni walikuwa hawapokelewi tena. Nikarudi Auckland nimeoga tu. Kwa hiyo safari hii niligeuza: kwa wenyeji asubuhi, majini jioni.

Anzia kijiji cha Whakarewarewa. Litamke "Fakarewarewa", kwa sababu wh ya Kimaori wengi huitamka kama f yetu. Irabu zao ni tano zilezile zetu, na ng yao ni ile ya ng'ombe, si ya ngoma. Jitahidi kutamka majina ya mahali na kusalimia "kia ora". Sisi hatuna kisingizio, na wenyeji hufurahi sana.

Hapa si makumbusho. Ni mtaa wenye familia, mvuke unafuka kati ya nyumba, nguo zimeanikwa. Chemchemi kubwa ya Parekohuru inachemka kama sufuria isiyoepuliwa, na humo huchemshwa mahindi. Nyama na viazi huivishwa kwa mvuke ndani ya masanduku yaliyojengwa juu ya ardhi yenye moto. Hicho ndicho chakula cha hāngī cha kwao. Kwingine huchimbwa shimo na kupangwa mawe ya moto. Kama unakula halali, uliza mapema, maana nyama ya nguruwe nayo huingia kwenye hāngī. Mama aliuliza watoto wa hapa wanaishije bila kuungua. Mwenyeji aliyetutembeza alijibu kwamba hufundishwa mapema sana pa kukanyaga. Nawe usiache njia hata hatua moja kwa ajili ya picha. Ardhi mahali pengine ni nyembamba na chini yake maji yanatokota.

Msikilize vizuri anayekutembeza, kwa sababu kazi hiyo ina historia. Usiku wa tarehe 10 Juni 1886 mlima Tarawera ulilipuka, ukaua zaidi ya watu 100 na kufunika ngazi za asili za mawe ya rangi ya waridi na meupe ambazo wageni walivuka bahari kuja kuziona. Watu wa ukoo wa Tūhourangi, ambao tayari walikuwa wakiwaongoza watalii kule, walipoteza makazi. Ndugu zao wa Ngāti Wāhiao waliwapokea Whakarewarewa, na kazi ya kuongoza wageni ikaendelea hapo. Nilipoyajua hayo, kiingilio kilinitoka kwa moyo mweupe.

Jirani tu, kwa lango jingine, ni Te Puia. Huko kuna chuo cha kuchonga na kusuka, na chemchemi ya Pōhutu inayorusha maji hadi mita 30, mara kadhaa kwa siku. Miaka ya 1980 chemchemi za bonde hili zilikuwa zikififia kwa sababu watu mjini walichimba visima vingi vya maji moto. Serikali ikaamuru visima vyote ndani ya kilomita 1.5 kutoka Pōhutu vifungwe, na maji yakapata nguvu tena. Kama fedha inatosha mahali pamoja tu, mimi ningechagua kijiji. Pōhutu utaiona kutoka huko pia, kwa mbali.

Ukipata pōwhiri, yaani mapokezi rasmi ya Kimaori, yachukulie kama mapokezi ya kweli. Shujaa atakuja na silaha yake, macho yamemtoka, aweke jani chini mbele ya kiongozi wa wageni. Usicheke, usimwige kutoa ulimi. Vua viatu kabla ya kuingia nyumba ya mikutano, na usikalie meza. Mama hakuhitaji maelezo zaidi: "Kama kinu kwetu, hakikaliwi." Hongi ni kugusanisha pua na paji la uso mkashiriki pumzi. Usiharakishe.

Jioni sasa, kuoga. Tulikwenda Polynesian Spa, kando ya ziwa, mahali ambapo mwaka 1878 padri Mahoney alikuja kuoga kwa ajili ya baridi yabisi. Husimuliwa kwamba alipona. Magoti ya mama hayakupona, lakini alilala usiku mzima bila kuyasugua dawa. Mabwawa mengi ya hapo yana nyuzijoto 38 hadi 42. Kaa dakika kumi na tano, toka, kunywa maji, pumzika, rudi. Mwenye presha au mjamzito amuulize daktari kwanza. Usizamishe kichwa katika maji moto ya asili, kwani kuna kimelea huingia puani na kuua, ingawa ni nadra. Anayetaka stara akodishe bwawa la faragha. Kwa nusu saa linatosha.

Tulipotoka tulitembea ufukweni. Kisiwa cha Mokoia kilionekana katikati ya ziwa, nikamsimulia mama habari za Hinemoa, binti wa hadithi ya Kimaori, aliyezuiliwa mtumbwi na jamaa zake, akafuata sauti ya filimbi ya mpenzi wake Tutanekai kwa kuogelea usiku, akajipasha moto kwenye bwawa la kisiwani. Mama alikitazama kisiwa kwa muda.

"Aliogelea kutoka huku? Peke yake?"

"Alijifunga vibuyu, mama."

"Vibuyu," alisema, akaketi kwenye benchi, akajifunga khanga yake vizuri na kuniambia nianze upya, polepole.