Jibu la msomaji: Ni nani anayesafiri kwa jina la klabu?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo ni busara kwa klabu ya raga ya ridhaa, yaani isiyolipa wachezaji wake, kutumia fedha zake kwa ziara ya kiangazi nje ya nchi, au iwapo fedha hizo zingefaa zaidi kubaki nyumbani kwa ajili ya timu za vijana. Nimelisoma mara kadhaa, na kila nikitaka kulijibu najikuta nimevutwa na swali jingine lililo jirani nalo. Klabu nyingi za ngazi yetu hazina fedha za kutosha hata kubishania jambo hilo. Kinachotokea, kama anavyojua kila aliyewahi kukaa katika kamati ya ziara, ni kwamba klabu hutoa jina lake, jezi zake na mfuko wa mipira, kisha kila mchezaji hujitafutia nauli. Kwa hiyo linaloniuma mimi si kiasi kinachotumika, bali ni nani anayebaki nyumbani.

Nimewahi kuwa katibu wa timu na nimeshughulikia safari za namna hii, na ninapoanza kuandika msimamo wangu ni kwamba hazifai. Msimu mzima kocha humpanga mchezaji kwa kutazama bidii yake mazoezini na uwezo wake uwanjani. Ikifika ziara, vigezo hivyo huwekwa kando na orodha hupangwa na tarehe ya malipo ya awali pamoja na ruhusa ya mwajiri. Aliyecheza kila mechi ya ligi kwenye matope, vidole vimefungwa plasta, hubaki. Aliyekuja mazoezini alipojisikia huvaa jezi ya kwanza ugenini kwa kuwa alilipa mapema. Kikosi hicho huimba wimbo wa klabu na kubadilishana bendera na wenyeji kana kwamba ndicho klabu yenyewe, na jambo hilo limekuwa likinikera kwa muda mrefu.

Wala si jambo jipya. Kikosi cha kwanza kutoka visiwa vya Uingereza kwenda Australia na New Zealand, mwaka 1888, kiliandaliwa kama biashara na wanakriketi wawili, Alfred Shaw na Arthur Shrewsbury, bila baraka rasmi za chama cha raga cha England. Mchezaji mmoja, Jack Clowes, alitangazwa kuwa amepoteza uridhaa wake kwa sababu alipokea pauni 15 za kununulia mavazi ya safari. Akaenda na kikosi, akarudi bila kucheza, ingawa wenzake walicheza mechi 35 za raga. Tangu siku hizo, aliyehitaji kusaidiwa ili asafiri ametazamwa kama mwenye doa, na asiyehitaji msaada ameitwa mwanamichezo halisi. Mwezi Agosti 1995 raga ilifungua mlango wa malipo kwa wachezaji wa ngazi za juu. Kwetu sisi wa chini mlango huo haukubadilisha lolote, na aibu ya kusaidiwa imebaki palepale.

Naomba nieleze mechi moja kwa kirefu, kwa sababu kila ninalofikiri kuhusu ziara limepita ndani yake.

Tulikuwa tumekwenda kizio cha kusini, kama zifanyavyo klabu nyingi za kaskazini zinapotafuta wapinzani kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa kiangazi cha kaskazini ni kipupwe cha kusini na huo ndio wakati ligi za huko zimepamba moto. Maana yake ni kwamba mgeni hufika akiwa ametoka mapumzikoni, miguu mizito, akakutana na mwenyeji aliyecheza Jumamosi iliyopita na atakayecheza tena Jumamosi ijayo. Mtu wetu wa katikati katika safu ya mbele ya watu watatu, yule anayeuvuta mpira kwa mguu ndani ya skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kuugombea, na kuurusha kwenye lainauti, yaani mpira unaporudishwa uwanjani kutoka pembeni, hakuwa nasi. Alihudhuria mkutano wa maandalizi, akasikia tarehe ya malipo ikisomwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye hataweza, na mwenyekiti akaingia katika ajenda iliyofuata. Hakuna aliyemuuliza kilichopungua ni kiasi gani. Nafasi yake alipewa kijana aliyefunzwa vizuri, lakini kijana huyo aligongwa kichwani mapema katika ziara. Hapo hapana mjadala: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa, katika ngazi yetu harudi uwanjani siku hiyo, na kurejea kwake hupitia hatua ambazo ziara fupi haina siku za kuzimaliza.

Wanaojua raga wameshaona tatizo. Kwa kawaida kikosi cha watu 15 au pungufu hutakiwa kuwa na 3 waliofunzwa kucheza safu ya mbele. Cha 16 hadi 18 kiwe nao 4. Cha 19 hadi 22 kiwe nao 5. Na cha 23 kiwe nao 6. Huwezi kumchukua mkimbiaji wa pembeni ukamwingiza pale kwa ushujaa wake tu, kwa sababu skramu ikiporomoka shingo ndiyo inayolipa. Sisi tulikuwa na propu wawili, yaani wale wa pande mbili za safu ya mbele, na pengo katikati yao. Mwamuzi alikuja kuuliza, kama inavyompasa, ni nani watacheza safu ya mbele, na nahodha wetu akamweleza ukweli. Katika hali hiyo mwamuzi huamuru skramu zisizo na ushindani: hakuna anayesukuma, na timu inayoingiza mpira ndiyo inayoupata. Wenyeji walikuwa timu ya skramu. Walikuwa wameandaa uwanja, wamewaleta jamaa zao kuangalia, na sasa wangeinama na kuinuka alasiri nzima bila kusukumana na mtu.

Nahodha wao hakulalamika. Alituuliza kama tungemkubali mtu wao wa katikati, wao wakamtumia wa akiba. Mtu huyo alikuwa amekaribia mwisho wa siku zake za kucheza, masikio yamekunjamana kama ya wote waliokaa miaka mingi mahali pale, na alipoitwa alikuja moja kwa moja upande wetu akiwa ameshavua jezi yake. Mwamuzi akaandika jina lake kwenye orodha yetu. Alivaa jezi yetu na kubaki na soksi za klabu yake, kama wanavyofanya hadi leo wachezaji wa Barbarians, klabu ya mwaliko iliyoanzishwa mwaka 1890, isiyo na uwanja wala jengo lake.

Ikabaki dakika chache za kumfundisha alama zetu za lainauti. Mpangilio wetu ulikuwa mrefu, wenye herufi na tarakimu, na alipousikiliza mpaka mwisho alituomba tumwachie alama tatu tu: mbele, katikati, nyuma. Ng'ambo ya uwanja tuliwaona wenzake wamekusanyika wakibadilisha alama zao zote, kwa kuwa mtu anayezijua kuliko wote alikuwa amesimama nasi. Yeye hakutuambia hata moja, na ninafurahi kusema kwamba hakuna kati yetu aliyemwuliza.

Kisha skramu ya kwanza. Propu wetu wa kushoto alikuwa kijana aliyeteseka tangu tufike. Kila skramu alikuwa anainuliwa au anazamishwa, na alikuwa ameanza kuingia huku amefumba macho. Nilisimama karibu na mstari na nikasikia yule mgeni wetu mwenyeji akizungumza naye katikati ya amri za mwamuzi, kati ya kuinama, kushikana na kuingia. Alimwambia arudishe miguu nyuma, ashushe nyonga, mgongo uwe mnyoofu, macho yatazame mbele. Alimshika jezi karibu na kwapa na kumvuta kwake mpaka mabega yao yakawa bega moja. Wakaingia, na skramu haikuyumba. Mpira ukaingizwa, akauvuta kwa mguu, mbele ya propu ambaye alikuwa amecheza naye bega kwa bega misimu mingi. Tulishindwa mechi ile, na kwa haki, lakini hatukusukumwa ovyo tena, na kila baada ya skramu kijana wetu alimgeukia kuuliza jambo, naye kila mara alijibu, hata pale pumzi ilipokuwa imemwishia.

Baada ya mechi alimrudishia nahodha wetu jezi, akamwuliza mtu wetu wa katikati yuko wapi. Nahodha alianza kueleza habari za aliyeumia. Mgeni wetu akasema hapana, anamuulizia yule wa kawaida, kwa kuwa kijana aliyeumia alimwona kwenye mechi iliyopita na alijua huyo ni wa akiba. Nahodha akamwambia kwamba alikosa nauli. Yule mtu akasema kwamba klabu yao ikisafiri, watu wa safu ya mbele ndio wanaolipiwa kwanza kutoka kwenye mfuko wa pamoja, kabla hata ya kuchagua hoteli, kwa sababu bila wao hakuna mechi. Alisema hivyo kama mtu anayetaja utaratibu wa kawaida wa kazi, bila kumhukumu yeyote. Sikumsikia akitaja huruma, wala wema.

Tuliporudi, propu wetu kijana alimtafuta yule aliyebaki. Walitumia jioni nyingi za mazoezi wakirudia ule mshiko wa karibu na kwapa, na aliyebaki, ambaye angekuwa na kila sababu ya kutotaka kusikia habari za safari, aliuliza maswali mengi kuliko yeyote. Hadi leo safu yetu ya mbele hushikana hivyo.

Na hapa, ndugu Mhariri, naona msimamo niliouanza nao umelegea mkononi mwangu. Katika ligi mpinzani hakupi mtu wake. Anahitaji pointi, na akiona una pengo atashukuru. Ugenini, pasipo pointi za kugombania, mtu mzima aliyebobea alikubali kutumia alasiri yake akimfundisha kijana asiyemjua jinsi ya kulinda shingo yake, dhidi ya klabu yake mwenyewe. Sioni ni wapi pengine tungelipata jambo hilo. Hata hivyo siwezi kusahau kwamba tulilihitaji kwa sababu tuliacha nyumbani mtu ambaye nafasi ile ilikuwa yake.

Zipo pia kanuni ambazo ziara haisamehewi. Klabu ipate idhini ya chama chake cha taifa, ihakikishe bima inafuata wachezaji hadi huko, na isome sheria za wenyeji kabla ya kupanda ndege. Mahali pa juu kabisa panaporuhusiwa kumkamata mwenye mpira hutofautiana: Ufaransa ilishusha hadi kiunoni katika raga ya ridhaa mwaka 2019, England ikaamua chini ya mfupa wa kifua mwaka 2023, na mchezaji aliyezoea kiwango kimoja hujikuta na kadi katika kingine bila kukusudia ubaya.

Kwa hiyo kama kura ingepigwa katika klabu yangu kesho, ningesema ndiyo, twende, jambo ambalo aya zangu za mwanzo hazikuashiria. Lakini ningetaka liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mfuko wa pamoja unaanza na safu ya mbele, wa kwanza na wa akiba. Kwamba mwenyekiti hafungi ajenda ya malipo mpaka kila anayesema hataweza ameulizwa, faragha na kwa heshima, ni kiasi gani kinapungua. Na kwamba mfuko usipotosha, zinapunguzwa mechi na siku, si watu. Kuhusu timu za vijana, ambazo swali lenu lilizitaja na mimi nimezipita, sijashawishika kwamba nauli ya watu wazima huchukuliwa kutoka kwao, maana fedha hizo kwa kawaida hutoka mifukoni mwa wasafiri wenyewe. Pale zinapotoka kweli kwenye fungu la vijana, kura yangu ni hapana, hata kama safu nzima ya mbele imeshakata tiketi.